Picha za ubongo: Mwamba ngoma huvutia kwake

Bila shaka, ndugu msomaji, umewahi kuiona picha ya ubongo wa binadamu uliochorwa nyuzi za rangi, nyekundu kwa samawati, mithili ya ramani ya barabara za jiji. Aghalabu picha kama hiyo huandamana na habari kwamba wataalamu wa ng'ambo wamegundua kuwa ubongo wa watoto wenye usonji, au wa watu wenye maradhi ya huzuni iliyokithiri, haukuunganika kama ubongo wa watu wengine. Mzazi aliye na mtoto wa namna hiyo huisoma habari hiyo mara mbili, huikata na kuihifadhi, na pengine huanza kuulizia ni wapi anapoweza kumpeleka mwanawe apigwe picha kama hiyo.

Ana haki ya kuulizia. Lakini kuna jambo moja ambalo habari hizo mara nyingi hazimwambii. Picha ile si kama ile inayopigwa studio. Ni matokeo ya hesabu ndefu, na katika kila hatua ya hesabu hiyo kuna mtu aliyeketi mbele ya tarakilishi akachagua: hiki nikitoe, hiki nikibakize, hapa nikate. Akichagua vingine, baadhi ya nyuzi hutoweka na nyingine mpya huzuka.

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Rai yangu ni kwamba mtafiti yeyote anayetaka tuziamini nyuzi zake sharti aandike uchaguzi wake wote kabla hajayaona matokeo, kisha atuonyeshe kama matokeo hayo yanasimama hata uchaguzi huo ukibadilishwa. Asiyefanya hivyo anatuuzia mbuzi kwenye gunia, nasi tuna haki ya kukataa kununua.

Mashine hupima nini?

Tuanze na mashine yenyewe, ile ijulikanayo kama MRI. Inapotumiwa hospitalini kutafuta uvimbe au damu iliyovuja kichwani, mashine hiyo huonyesha umbo la ubongo. Daktari akikuandikia picha ya namna hiyo, nenda ukapigwe. Siyo ninayoizungumzia hapa. Ninayoizungumzia ni namna nyingine ya kuitumia mashine hiyohiyo, ambapo mtu hulala ndani bila kufanya lolote huku ubongo wake ukipigwa picha mfululizo, moja kila sekunde mbili hivi, kwa dakika kadhaa.

Mwaka wa 1990 mtaalamu Seiji Ogawa na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba damu yenye oksijeni nyingi na ile yenye oksijeni kidogo hutoa ishara tofauti ndani ya sumaku. Kwa kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi, ishara yake hubadilika. Kwa hivyo ieleweke kwamba mashine haisikii seli za ubongo zikizungumza. Inachopima ni damu iliyokwenda kuzihudumia, nayo damu huchelewa kwa sekunde kadhaa.

Mnamo 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Milwaukee, Marekani, waliripoti kwamba hata mtu akiwa ametulia tuli, sehemu za ubongo zinazoongoza mkono wa kulia na zile zinazoongoza mkono wa kushoto hupandisha na kushusha ishara zao kwa pamoja. Hapo ndipo yalipochipuka maelfu ya tafiti za muungano wa ubongo. Kanuni yake ni nyepesi: sehemu mbili ambazo ishara zake huenda sambamba huchorewa uzi.

Lakini je, kwenda sambamba ni kuungana? Chukulia kwamba mtu ametega vinasa sauti katika mitaa ya Nairobi, kimoja Umoja, kingine Kibera na kingine Lavington. Akiona kelele za Umoja na za Kibera zinapanda pamoja, aseme wakazi wa mitaa hiyo miwili wanazungumza? Huenda ni kweli. Huenda pia ni saa kumi na mbili asubuhi na matatu zote zimeanza kupiga honi. Au labda mvua inanyesha juu ya mabati ya mji mzima. Kabla ya kuchora uzi wowote, ni lazima mtu huyo aamue atafanya nini na honi, na atafanya nini na mvua.

Ndani ya ubongo, honi na mvua ni pumzi, mapigo ya moyo na kutikisika kwa kichwa. Maelezo ya kihesabu yanayojaribu kutenganisha hayo na kazi halisi ya ubongo ndiyo wataalamu wanayoyaita modeli, na modeli haina budi kupangwa na mtu.

Uchaguzi mmoja baada ya mwingine

Uchaguzi wa kwanza ni jinsi ya kuugawa ubongo. Mtafiti mmoja hutumia ramani yenye sehemu 90, mwingine hutumia ile iliyochapishwa 2016 yenye sehemu 360. Sehemu 90 hutoa jozi 4,005 za kulinganishwa. Sehemu 360 hutoa jozi 64,620. Sasa tuseme mtafiti analinganisha wagonjwa na wazima, na anakubali kila tofauti ambayo uwezekano wake wa kutokea kwa bahati tu ni 5 kwa 100. Kwa ramani ya kwanza anaweza kupata "tofauti" kama 200, na kwa ramani ya pili zaidi ya 3,200, hata kama wagonjwa na wazima hawatofautiani kwa lolote. Ni lazima basi awe na njia ya kurekebisha hesabu hiyo, na njia zenyewe ni nyingi.

Wanaodhani huo ni mzaha na wakumbuke samaki wa mwaka wa 2009. Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimweka samoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka akisie watu hao walikuwa na hisia gani. Hesabu isiyorekebishwa ilionyesha vidoa vya ubongo wa samaki huyo vikifanya kazi. Iliporekebishwa, vidoa vilitoweka. Samaki yule alibaki maiti tangu mwanzo hadi mwisho; kilichobadilika ni mipangilio tu.

Uchaguzi wa pili ndio unaomhusu zaidi yule mzazi tuliyemtaja. Mwaka wa 2012 Jonathan Power na wenzake wa mji wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba kutikisika kwa kichwa, hata kwa chini ya milimita moja, huharibu hesabu kwa namna maalumu. Sehemu za ubongo zilizo karibukaribu huonekana zimeungana sana, na zile zilizo mbalimbali huonekana zimeungana kidogo.

Fikiri sasa, msomaji. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, baadhi ya watafiti walikuwa wakieleza kwamba usonji ni hali ambayo nyuzi ndefu za ubongo ni dhaifu na zile fupi zina nguvu kupita kiasi. Ni sura ileile! Na ni mtoto yupi ambaye ni vigumu zaidi kumlaza bila kutikisika ndani ya mashine yenye kelele? Sisemi kwamba ubongo wa mtoto mwenye usonji hauna tofauti yoyote. Nasema kwamba sehemu ya tofauti iliyotangazwa ulimwenguni huenda ilikuwa ni tofauti ya kutulia.

Mtafiti atafanya nini na mtikisiko huo? Anaweza kutupa kila picha ambayo kichwa kilisogea zaidi ya nusu milimita. Anaweza kuwa mkali zaidi na kukata kwenye milimita 0.2. Anaweza kuuondoa mtikisiko kwa hesabu bila kutupa picha yoyote. Pia anaweza kuwaondoa kabisa watoto waliosogea sana, na hapo atakuwa amewaacha nje wale ambao pengine hali yao ni nzito zaidi. Kila njia ina sababu zake, na kila moja huleta ramani yake.

Uchaguzi wa tatu unahusu ile mvua ya mji mzima. Wapo wanaochukua wastani wa ishara ya ubongo wote na kuuondoa katika kila sehemu. Faida yake ni kwamba athari za pumzi na mtikisiko hupungua. Hasara yake ni hii: chukua darasa ambalo wanafunzi wote wamepita mtihani, kisha uondoe wastani wa darasa katika alama za kila mmoja. Ni lazima baadhi yao waangukie chini ya sifuri, ingawa hakuna aliyeshindwa. Kevin Murphy na wenzake walieleza jambo hilo kihesabu mwaka wa 2009: ukiondoa wastani, ni lazima sehemu fulani za ubongo zionekane zikipingana. Kwa hivyo mtafiti akitangaza kwamba sehemu mbili za ubongo zinavutana kama maadui, swali la kwanza liwe kama aliondoa wastani au la.

Kisha kuna uchaguzi wa nne, ambao ni kizingiti. Abakishe nyuzi zenye nguvu zaidi asilimia 5, au 20? Akiwa mkali, ubongo utaonekana umekatikakatika. Akilegeza, kila sehemu itaonekana ni jirani ya kila sehemu.

Hatimaye wako wanaotaka kujua zaidi, yaani ni sehemu gani inayoiamrisha nyingine. Karl Friston na wenzake wa London walitoa mbinu ya kufanya hivyo mwaka wa 2003. Mtafiti huandika modeli kadhaa, moja ikisema A humwamrisha B, nyingine ikisema B ndiye humwamrisha A, kisha tarakilishi humtangaza mshindi. Mbinu hiyo ni ya werevu mwingi. Hata hivyo ni sawa na uchaguzi wa bunge: karatasi ya kura yenye majina matatu haiwezi kumtangaza mtu wa nne. Ikiwa modeli zote tatu ni mbovu, iliyo afadhali kidogo ndiyo itakayotawazwa. Neno "bora" hapo lina maana ya bora miongoni mwa waliogombea, na aliyeandika majina ya wagombea ni mtafiti mwenyewe.

Hesabu haidanganyi

Hebu tujumlishe. Tuseme mtafiti ana ramani 4 za kuchagua, njia 3 za kushughulikia mtikisiko, hiari ya kuondoa wastani au kutouondoa, hiari ya kuchuja mawimbi ya ishara au kutoyachuja, na vizingiti 4. Hizo ni njia 192 za kuifikia picha moja, na takriban kila njia inaweza kutetewa mbele ya maprofesa. Mtu akizijaribu moja baada ya nyingine hadi uzi alioutarajia ujitokeze, hatakuwa amesema uongo katika hatua yoyote. Hapo ndipo ilipo hatari. Mwongo tunaweza kumkamata, lakini mtu mwaminifu anayeipenda dhana yake hatumkamati, kwa sababu hata yeye hajui kwamba anaivuta ngozi.

Kwamba jambo hili si dhana tupu lilidhihirika mwaka wa 2020. Watafiti wakiongozwa na Rotem Botvinik-Nezer walivipa vikundi 70 vya wataalamu picha zilezile za ubongo za watu 108, na kuviuliza maswali 9 yaleyale. Hapa lilikuwa suala la ni sehemu gani za ubongo zinazofanya kazi mtu anapoamua kucheza kamari, si suala la nyuzi, lakini ugonjwa ni uleule. Hakuna vikundi viwili vilivyofuata njia moja. Kwa baadhi ya maswali vilikubaliana karibu vyote. Kwa mengine mengi, kikundi kimoja kilisema ndiyo na cha jirani kikasema la, wote wakitazama picha zilezile.

Kuhusu nyuzi zenyewe, Andrea Luppi na wenzake walichapisha mwaka wa 2024 kazi iliyozipima njia 768 za kuchora ramani ya muungano wa ubongo. Waliuliza maswali ambayo hata fundi wa mizani angeuliza. Mtu yuleyule akipimwa mara mbili, ramani yake itafanana? Ramani inaathiriwa na mtikisiko? Inaweza kutofautisha mtu na mtu, au mtu aliye macho na aliyepewa dawa ya usingizi? Njia nyingi kati ya hizo 768 zilianguka angalau katika mtihani mmoja. Zilizopita yote zilikuwa chache, lakini zilikuwepo.

Wasomaji wengine watauliza: "Haya ni ya maprofesa. Sisi wa kawaida yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu matokeo hayakai vyuoni. Huja kwenye magazeti, huingia masikioni mwa walimu na wazazi, na kila panapo hofu hapakosi mfanyabiashara. Mzazi anayeambiwa kwamba ubongo wa mwanawe "umeungana vibaya" huibeba kauli hiyo maisha yake yote. Huenda akakata tamaa ya mafunzo ya kuongea ambayo yangemfaa mtoto. Huenda akatumia karo ya ndugu wengine kutafuta picha ambayo, hata ikipigwa, haitamwongoza daktari katika kuamua matibabu ya mtoto yule mmoja. Hadi leo usonji hutambuliwa kwa kuchunguza mwenendo na makuzi ya mtoto, wala si kwa kuhesabu nyuzi katika picha.

Kuna wanaopendekeza suluhisho la mkato: wataalamu wote wakubaliane kutumia mpangilio mmoja, mambo yaishe. Siafikiani nao. Mpangilio unaofaa kwa mtu mzima aliyetulia huenda usimfae mtoto wa miaka sita, na unaofaa kwa swali moja huenda ukaliharibu jingine. Isitoshe, iwapo mpangilio huo mmoja una kasoro, sote tutakosea kwa namna moja na kujipongeza kwamba tumekubaliana. Nahodha wengi chombo huenda mrama, ni kweli, lakini nahodha mmoja asiyesahihishwa na mtu anaweza kukipeleka chombo mwambani moja kwa moja.

Vilevile kuna waliokata shauri kwamba sayansi hii yote ni ramli. Hao nao wamepita mpaka. Ule uzi wa mkono wa kulia na wa kushoto alioutaja Biswal 1995 umeonekana tena na tena, kwa mashine tofauti na kwa mipangilio tofauti. Madaktari wa upasuaji nao hutumia picha za mashine hii kujua sehemu za lugha ziko wapi kabla hawajaondoa uvimbe. Hayo yanatuonyesha kipimo kilicho bora: jambo linalobaki pale pale hata mpangilio ukibadilishwa lina uzito. Linalotegemea mpangilio mmoja tu ni tetesi.

Tufanye nini?

Kwa watafiti, wakiwemo vijana wetu wanaosomea taaluma hii hapa nchini na ng'ambo, njia iko wazi. Andikeni mapema ramani mtakayotumia, mtikisiko mtakaouvumilia, kizingiti na modeli zote mtakazozishindanisha, na mwandike ni kwa nini. Maandishi hayo yawekwe mahali pa wazi, yakiwa na tarehe, kabla ya hesabu kuanza. Mkilazimika kubadilisha njia mkiwa safarini, semeni hivyo na mtoe sababu. Kisha mrudie hesabu kwa mipangilio mingine inayokubalika na kuchapisha majibu yote, yanayowapendeza na yasiyowapendeza. Mwisho, acheni wengine wazione data na programu zenu. Mficha uchi hazai.

Kwa wahariri na waandishi wa habari, nawaomba msiipambe kurasa picha ya nyuzi bila kuuliza maswali yafuatayo. Watu wangapi walipimwa? Mtikisiko wa kichwa ulishughulikiwaje, na je, wagonjwa walitikisika kuliko wazima? Njia ya hesabu ilichaguliwa kabla ya matokeo au baada? Kuna watu wengine waliorudia utafiti huo wakapata jibu lilelile? Majibu yakikosekana, habari na ingoje.

Kwako wewe msomaji, hasa uliye mzazi, shikilia mambo mawili. Kwanza, habari inayolinganisha kundi la wagonjwa na kundi la wazima haisemi lolote la hakika juu ya mtoto wako. Pili, usiache dawa, usikatize mafunzo wala usilipie kipimo chochote kwa sababu ya picha uliyoiona gazetini. Mpeleke mtoto kwa daktari anayemjua, na umuulize swali moja jepesi: matokeo ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu? Akikueleza kinachobadilika, msikilize. Akibabaika, hifadhi pesa zako.